Paa Lisilo na Mtu

Jabir alikuwa na ugonjwa mmoja kazini: hawezi kuingia kwa watu bila kupiga hodi. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kurusha droni juu ya mapaa, huo ni ugonjwa mkubwa, na mimi nilimcheka sana kwa ajili yake.

Kikosi chetu ni cha jumuiya ya uokoaji hapa Jeddah. Mvua ikinyesha mitaa ikageuka mito, sisi ndio tunaotangulia wakati wenye mitambo mikubwa bado wanafunga viatu. Mimi Hamad naendesha boti ya mpira. Jabir ni mjukuu wa ndugu wa babu yangu. Yeye anarusha droni na kutuambia twende wapi. Babu zetu walitoka Unguja pamoja baada ya mapinduzi ya sitini na nne, wakapanga nyumba mbili zinazotazamana mtaa wa Ruwais. Babu yangu akapata uraia. Babu yake alikwenda siku ambayo karani alikuwa na homa, akaambiwa arudi, hakurudi. Ndiyo maana mimi nina kitambulisho cha mwananchi na Jabir, mwenye Kiarabu kizuri kuliko changu, anafanya upya ikama, kibali chake cha kuishi, kila mwaka, na kafili wake, yaani mdhamini wake, ni hiyo jumuiya. Kazi ikimponyoka, na makaazi yanamponyoka.

Droni yake ya zamani ilitengenezwa nchi za mbali. Alikuwa ameifunga kipaza sauti kwa vibanio vya plastiki, kikining'inia chini kama kengele ya mbuzi. Mvua kubwa ya mwaka juzi tulikuwa mtaa wa Bani Malik, na Jabir akaona kwenye jengo moja kuukuu nguo zinahama zenyewe juu ya paa. Walikuwa wanawake wa Kenya, wafanyakazi wa ndani waliokimbia kwa waajiri wao kwa sababu zao, wakapanga vyumba vya juu bila karatasi. Waliona kitu chenye jicho kinaruka, wakajificha nyuma ya matangi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Jabir akairudisha droni nyuma mpaka juu ya barabara, kama mtu aliyesimama nje ya mlango, akabonyeza kipaza sauti. "Hodi! Hodi, wenyewe! Sie watu wa mvua, si watu wa ikama!"

Kikatokea kichwa, na chini yake mwanamke mrefu aliyeshika ufagio. Huyo ndiye Velma. "Na kama mnadanganya?" akapiga kelele.

"Basi kesho njoo unipige na huo ufagio."

Mwingine nyuma yake akacheka mpaka akakaa chini. Huyo ni Zipporah, mdogo kidogo, mwenye cheko la kuambukiza. Akamwomba Jabir aifanye ile kitu iseme hodi tena. Siku ile tuliwapelekea mikate na maji, tukamteremsha mmoja wao aliyekuwa na homa, na hatukumuuliza mtu jina la kafili wake. Habari ikazunguka Bani Malik mpaka Al-Mahjar kwamba ile nyeupe inayopiga hodi haina neno, na tangu hapo kazi yetu ikawa rahisi. Wakisikia hodi wanatoka wenyewe, wengine wamekwisha kuvaa viatu.

Halafu ikaja ruzuku.

Mfuko mmoja wa serikali ulitangaza kwamba vikosi vya uokoaji vya mitaani vitapewa droni mpya zilizoundwa hapa hapa nchini, bure, kwa sharti la kusalimisha zile za kigeni. Sababu haikuwa mbaya. Zile za zamani zilikuwa zinatuma picha kwenye mitambo ya nchi za watu, na nani anataka paa la mama yake lionekane ugenini? Mkuu wetu, Abu Turki, alifurahi mpaka akatununulia chakula. Mimi pia nilifurahi. Jabir peke yake alisukuma sahani kando akaisoma karatasi ya droni mpya.

"Mpya haina pa kufunga kipaza sauti," aliniambia baadaye. "Nimeiangalia. Wakitokea watu waliojificha, nitawaitaje?"

"Utaona hukohuko."

"Hamad, watu hawatatoka. Mtu atakufa juu ya paa na sie tuko chini yake."

Nilimwambia anakuza mambo. Alinikazia macho kwa namna aliyorithi kwa bibi yake, ambaye alikuwa akikukazia macho unatamani ardhi ipasuke.

Tukapanda ndege sisi wawili kwenda Riyadh kukabidhi. Sipendi Riyadh. Barabara pana, vumbi jekundu, na kila mtu anakwambia mkutano ni baada ya dakika kumi. Tulipokelewa ukumbini kwa kahawa na tende, tukaonyeshwa mashine ya kusagia droni za zamani, na vikosi vikapanga foleni na droni zao kama watu waliopeleka mbuzi wa akika. Jabir alikata vibanio kwa meno, akatia kipaza sauti mfukoni, akaitoa droni. Ilisagwa kwa sauti ya karanga. Alitazama mpaka mwisho.

Mwenye shughuli alikuwa bibi mmoja, Rania, mwenye heshima zake na akili nyingi. Hakutupuuza hata kidogo, na hilo ndilo lililofanya mambo yawe magumu. Jabir akamweleza habari za hodi kwa Kiarabu chake kizuri. Akasikiliza, akaandika. Akasema kufunga chochote kwenye droni mpya kunaondoa cheti chake cha usalama, lakini droni ina matangazo ndani yake kwa lugha nyingi, na Kiswahili wangeweza kukiongeza. "Niandikie unachotaka iseme," akasema.

Jabir akaandika palepale: Hodi, hodi wenyewe. Sie watu wa mvua, si watu wa ikama.

Rania akataka maana yake neno kwa neno, akaelezwa, akafikiri. "Hii ya ikama haiwezekani, ndugu yangu. Chombo cha serikali hakiwezi kutangaza kwamba sheria haitazamwi. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Na hili neno la mwanzo. Linamwambia mtu afanye nini?"

Jabir akafikiri. "Halimwambii kitu. Linaomba."

"Basi katika dharura halina habari ndani yake," akasema Rania, kwa upole kabisa. "Kamati italiondoa. Lakini nitajitahidi mengine yabaki."

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Tuliporudi Jeddah na droni mpya, nyeusi, nzuri, inayoruka kwenye upepo kama haina habari, tukaiwasha iseme Kiswahili. Ikatoka sauti ya mwanamume mzito, Kiswahili safi cha redio: "Tahadhari! Wakaazi wote wa jengo hili, jitokezeni mahali pa wazi. Msiogope. Mtatambuliwa na kusaidiwa."

Nilicheka mpaka machozi. Jabir hakucheka. "Mtatambuliwa," akasema. "Mimi mwenyewe hapo ningekimbia."

Niipe haki yake, droni ilikuwa chombo kweli. Ilikuwa na jicho la joto linalohesabu watu lenyewe, na hesabu inakwenda moja kwa moja kwenye meza ya Abu Turki na nakala Riyadh. Ilikuwa na sharti moja tu la ajabu: ikianguka popote, kengele inalia Riyadh na kwetu, na gari au boti iliyo karibu lazima iache shughuli ikaichukue, maana ndani mna siri za watu. Wiki ya kwanza iliangukia paa la ukumbi wa harusi Al-Mahjar. Tulipita katikati ya wanawake waliojipamba tumefumba macho, tukiomba radhi kwa kila hatua, na mama wa bibi harusi alitutupia kiatu.

Mvua ikaja asubuhi ya Ijumaa. Kufikia saa nne maji yalikuwa yamefika kwenye madirisha ya magari Bani Malik. Tuliweka gari la uongozi juu ya daraja. Abu Turki ana boti mbili kwa mji mzima; anasoma hesabu na kutuma. Jabir alikaa mbele ya kioo cha droni yake, mimi nikasimama mlangoni nimevaa koti la kuelea, nikingoja kuambiwa.

Droni ikafika juu ya jengo lile kuukuu. Ikatangaza kwa Kiarabu, kwa Kiingereza, kwa Kiurdu. Ikatangaza na Kiswahili. Nilikuwa nikitazama begani kwa Jabir, nikaona kwa macho yangu: kabla ya sauti, kwenye kona ya paa kulikuwa na kanga inatikisika. Baada ya "mtatambuliwa", ikaacha kutikisika. Velma alitueleza baadaye. Waliposikia Kiswahili walisema halas, basi tena, safari hii wamekuja na mtu anayetujua. Wakajilaza chini ya mazulia yaliyolowa, wamebanana, mikono midomoni.

Zulia lililolowa halina joto. Kioo kikaandika: watu, sifuri.

"Endelea," akasema Abu Turki. "Al-Mahjar kuna watu juu ya gari."

"Hapa pana watu," Jabir akasema.

"Hesabu inasema hapana."

"Tazama mlango wa ngazi. Makubadhi. Mtu asiyekuwepo havui viatu."

Akalivuta jicho la droni karibu. Makubadhi yalikuwa mengi, yamepangwa ukutani, yamelowa. Kando yake palikuwa na karai la maji, na nguo ndani ya karai, na maji ya karai yalikuwa mekundu. Jabir alikaa akiyatazama yale maji.

"Kuna mtu anatoka damu," akasema.

"Labda wamechinja kuku," akasema Abu Turki.

"Mvua hii?"

Abu Turki si mtu mbaya, nataka ieleweke. Ana watoto, anasali, na kule Al-Mahjar kweli kulikuwa na watu juu ya gari, wameonekana, wamehesabiwa. Hawezi kuwaacha watu walio kwenye kioo akafuata makubadhi. Akasema Al-Mahjar kwanza, na hakupandisha sauti, akageukia simu.

Jabir akanitazama. Halafu akaishusha droni taratibu mpaka katikati ya paa, kwenye dimbwi, akashika kitufe cha kuzima akakikandamiza mpaka kioo kikawa cheusi.

Kengele ikalia garini. Riyadh wakapiga simu hata hatujapumua. Abu Turki aligeuka, akatazama kioo cheusi, akamtazama Jabir. Nadhani alielewa. Nadhani vilevile alishukuru kwamba hakuambiwa. "Hamad," akasema, "droni imeanguka. Nenda ukaichukue. Yalla."

"Na mimi naenda," akasema Jabir. "Ya kwangu."

"Ya serikali," akasema Abu Turki.

Nilitia moto injini. Tulipita msikiti, maji yakiingia na kutoka milangoni mwa maduka. Jabir akasema, "Leseni yangu ya kurusha wataichukua." Nikamwambia huenda wasiichukue. Akasema, "Wataichukua, Hamad," kama mtu anayekujulisha kwamba kesho ni Jumamosi. Nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa na hofu kwa ajili yake, na sikujua nianze na ipi, kwa hiyo nikashughulika na boti.

Tulifunga kamba kwenye kibaraza cha ghorofa ya kwanza, tukaingia kupitia dirisha la ngazi, tukapanda. Mlango wa paa ulikuwa wa chuma, umefungwa kwa upande wa paa. Jabir akagonga. "Hodi, wenyewe."

Akagonga tena, kwa nguvu zaidi.

"Hodi! Velma, ni mimi. Yule wa kupigwa na ufagio."

Sauti ya Velma ikatoka upande wa pili, karibu sana, kavu. "Hiyo kitu yenu pia imeongea Kiswahili. Nendeni. Hapa hakuna mtu."

Nilimwona Jabir anaishiwa nguvu. Alitia paji la uso kwenye mlango. Yote aliyokuwa nayo ilikuwa lile neno moja, na sasa halikuwa na kazi tena. Mimi si mtu wa huruma nyingi, lakini pale iliniuma. Na kwa kuwa iliniuma, nikasema jambo la kwanza lililonijia.

"Dada, sisi hatukuja kwa ajili yenu. Tumefuata mashine yetu. Ni mali ya serikali. Tupe tuondoke."

Komeo likavutwa.

Hilo aliliamini. Watu wameacha mafuriko mji mzima kuja kufuata mashine: hilo lilikuwa na akili, lilifanana na dunia anayoijua. Akafungua mlango kiasi cha mkono, akarudi kuketi juu ya karai lililopinduliwa. Alikuwa ameikamata droni kama unavyokamata kuku, akaifunika kwa karai akaikalia.

"Mnaitaka?" akasema.

"Tunaitaka," nikasema.

"Basi mtabeba na huyu."

Akainua ukingo wa zulia. Zipporah alikuwa amelala ubavu, rangi imemtoka, tumbo limejaa. Hatukujua hata kwamba ana mimba. Kitambaa safi kilikuwa kimefungwa mapajani mwake, kimefungwa vizuri sana, lakini damu ilikuwa imekishinda.

"Ameanza uchungu tangu alfajiri," akasema Velma. "Mimi kwetu nilikuwa nasaidia mkunga. Mtoto amekaa vibaya, sitaweza. Huyu akibaki hapa atakufa, na huyo wake pia. Sasa hiyo ndiyo bei. Mkikataa nairusha chini kwa maji, na mimi naweza, usidhani siwezi."

"Dada, tutambeba," akasema Jabir. "Hata bila mashine tungembeba."

"Usiniletee hadithi. Bila mashine mngetupita."

Jabir akapiga goti kando ya Zipporah, akashika ncha ya zulia. Ilikuwa kweli, na yeye ndiye aliyejua zaidi kuliko wote kwamba ilikuwa kweli.

Tukamteremsha Zipporah ndani ya zulia, mimi miguuni, Jabir kichwani, Velma akitangulia kuonyesha ngazi iliyovunjika. Nyuma yetu mazulia mengine yalikuwa yanapumua. Sikuyatazama. Tulipofika dirishani maji yalikuwa yamepanda kidogo, lakini ghorofa za juu zilikuwa salama. Kwa wengine hatari ya maji haikuwepo. Tukamlaza kwenye boti. Velma akaingiza mkono kwenye kanga yake, akatoa droni, akamkabidhi Jabir kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani. Haikuwa hata na mkwaruzo.

"Ingia," Jabir akamwambia. "Nafasi ipo. Atahitaji mtu."

Zipporah alikuwa amemshika vidole. Velma alivitoa kimoja kimoja, akamwambia kitu kwa lugha yao ya nyumbani, kifupi, akambusu kipajini. Nilifikiri sasa ataingia. Akarudi nyuma akapanda vidato viwili.

"Mashine yenu ilihesabu ikasema nini?" akauliza.

"Sifuri," akasema Jabir.

"Basi iacheni hivyo hivyo. Huyo mlimkuta njiani."

"Velma."

"Mafi Velma, hayupo," akasema. Halafu uso wake ukavunjika, akalia wazi mbele yetu, mdomo wazi, bila kujifunika, huku akitufukuza kwa mkono. "Nendeni! Si mmesikia nendeni?"

Nikafungua kamba. Redio ikaita, Abu Turki. "Mmeipata?"

"Tumeipata," nikasema.

"Nzima?"

"Nzima. Na kuna mwanamke mjamzito, tumemkuta ndani ya maji. Tunahitaji gari la wagonjwa darajani."

"Litakuwepo," akasema, na likawepo.

Jabir alikaa sakafuni mwa boti kichwa cha Zipporah kikiwa mapajani mwake na droni ikigonga-gonga ubavuni mwake. Kila tulipopita kwenye wimbi alimwinamia kumkinga maji. Kila alipofumba macho alimsemesha. Alimuuliza kwao wapi, ana ndugu wangapi, mama yake anaitwa nani, na yeye alijibu mengine na mengine hakujibu.

Hospitalini mtoto alitolewa kwa kisu, wa kike, akalia mpaka tukamsikia ukumbini tulipokuwa tumekaa tumelowa, watu wakitupita mbali. Nilimpiga Jabir bega.

Walituruhusu kusimama mlangoni Zipporah alipozinduka, kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine. Daktari alikuwa mama wa makamo, Msudani, mchovu. Hakuuliza ikama, hilo lilikuwa la karani, na karani alikuwa anakuja na karatasi zake. Yeye aliuliza swali la kidaktari. Alisema damu ile ilipaswa kumuua kabla hajafika, na kwamba aliyemfunga kile kitambaa, na kumlaza vile, ndiye aliyemwokoa, wala si yeye daktari. Akataka kujua ni nani, ampe shukrani zake.

Jabir akamfasiria kwa Kiswahili, taratibu, kila neno. Karani alikwishafika, kalamu mkononi. Zipporah alimtazama karani, akamtazama mtoto aliyewekwa kifuani pake.

"Mwambie nilikuwa peke yangu," akasema, na akaanza kulia.

Jabir akamwambia.